Mali ya Wote Haiuzwi Gizani



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kijitabu hiki twataka kueleza jambo lililozipata nchi za Ulaya ya Mashariki zilipoacha ukomunisti kuanzia mwaka 1989, yaani namna viwanda vya dola vilivyorekebishwa, vikauzwa, vikagawiwa au kufungwa. Hatulielezi kwa kupenda habari za mbali. Twalieleza kwa sababu hoja zilizotumika huko zilitumika pia kwetu, na kwa sababu hadi leo wapo wasemao kwamba yaliyotokea hayangeweza kutokea kwa namna nyingine.

Sisi twakataa. Twasema wazi tangu mwanzo kwamba viwanda vile vilihitaji kurekebishwa, na baadhi yake vilistahili kufungwa. Kosa halikuwa kurekebisha. Kosa lilikuwa kurekebisha kwa pupa na kwa siri, hata waliohesabu mali wakawa ndio waliopanga bei, na waliopanga bei wakawa ndio walionunua. Palipokuwa na daftari lililo wazi, sheria na mashahidi, watu waliumia lakini wakasimama tena. Mambo hayo yalipokosekana, watu waliibiwa mchana kweupe, kisha wakaambiwa kwamba wizi ule ndio maendeleo.

1. Tusiyasifu ya jana

Wapo waliokata tamaa hata wakaanza kuyalilia yaliyopita. Tusiwe miongoni mwao. Chini ya utawala wa kikomunisti kiwanda kilipokea amri kutoka wizarani: kitengeneze nini, kiasi gani, kwa bei gani, na kimpelekee nani. Mkurugenzi alisifiwa kwa kutimiza mpango, wala hakuulizwa kama viatu alivyotengeneza vilivalika. Kiwanda kilichopata hasara hakikufungwa, kwani hazina ililipa. Kilichopata faida hakikunufaika nayo, kwani ilichukuliwa. Mitambo ilizeeka, moshi na maji machafu viliharibu afya za watu, na foleni za wanunuzi hazikuisha madukani.

Aidha, mfanyakazi aliitwa mwenye mali, lakini hakuwa na sauti juu ya mali hiyo. Alipodai mkate na uhuru huko Poznań mwezi Juni 1956, na katika miji ya bandari ya Poland mwezi Desemba 1970, alijibiwa kwa risasi. Papa Yohane Paulo II, Mpoland ambaye katika ujana wake, wakati wa vita, alifanya kazi ya mikono machimboni na kiwandani, alilitafakari jambo hilo katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981. Alifundisha kwamba kuiondoa mali mikononi mwa matajiri na kuitia mikononi mwa dola hakutoshi kuifanya iwe ya jamii. Inakuwa ya jamii pale tu mfanyakazi anapoweza kujiona kweli kuwa mshiriki katika umiliki wa chombo anachokifanyia kazi.

Fundisho hilo ni upanga wenye makali kuwili. Ikiwa kuihamisha mali kutoka kwa tajiri kwenda kwa dola hakumfanyi mwananchi awe mwenyewe, basi kuihamisha kutoka kwa dola kwenda kwa watu wachache walio karibu na ikulu hakumfanyi mwenyewe pia. Kwa kipimo hicho hicho tuwapime warekebishaji wa miaka ya 1990.

2. Urusi: karatasi kwa kila mtu, kiwanda kwa wachache

Tarehe 2 Januari 1992 serikali ya Urusi iliachia bei nyingi kwa siku moja. Katika mwaka huo bei zilipanda zaidi ya mara ishirini. Akiba ambazo wazee waliziweka benki kwa miaka thelathini ziliyeyuka. Tulishike jambo hili vizuri, maana linaeleza yaliyofuata: viwanda vilianza kuuzwa wakati raia wa kawaida ameshanyang'anywa akiba yake.

Kuanzia Oktoba 1992 kila raia, mtoto kwa mzee, alistahili kupewa vocha moja iliyoandikwa thamani ya rubo 10,000, ili ainunulie hisa. Anatoly Chubais, aliyesimamia ubinafsishaji, aliwaahidi wananchi kwamba vocha moja ingefikia thamani ya magari mawili aina ya Volga. Jambo lilionekana la haki kabisa: mali ni ya wote, basi igawiwe kwa wote.

Lakini mtu mwenye njaa hangoji gawio. Wengi waliuza vocha zao mitaani kwa bei ya chupa chache za pombe kali. Wengine waliziweka katika mifuko ya uwekezaji iliyotangazwa kwa mbwembwe, na mingi ya mifuko hiyo ikatoweka pamoja na vocha zao. Viwandani kwenyewe, wafanyakazi na wakurugenzi waliruhusiwa kununua kwa pamoja asilimia 51 ya hisa, na wengi walichagua njia hiyo. Kwa maandishi, mfanyakazi akawa mwenye kiwanda. Kwa kweli, mkurugenzi ndiye aliyeshika kitabu cha wanahisa. Ndiye aliyejua kiwanda kina nini. Na ndiye aliyeweza kumwambia mfanyakazi kwamba asiyeuza hisa zake kwa uongozi atafute kazi kwingine.

Mpango wa vocha ulipokoma katikati ya mwaka 1994, takriban viwanda 15,000 vya kati na vikubwa vilikuwa vimeshapitia minada hiyo. Kwa kufuata bei zilizolipwa, viwanda vyote vya nchi hiyo kubwa, yenye mafuta, nikeli, chuma na misitu, vilionekana kuwa na thamani isiyofika dola bilioni 12. Hiyo haikuwa bei. Ilikuwa ushahidi kwamba mwenye mali hakuwepo sokoni mali yake ilipouzwa.

3. Kesi ya nyani kwa ngedere

Hayo yalikuwa utangulizi. Mwezi Machi 1995 kundi la wenye mabenki, wakiongozwa na Vladimir Potanin wa benki ya Onexim, walipeleka pendekezo serikalini. Serikali haikuwa na fedha na uchaguzi wa rais ulikuwa unakaribia. Wao wangeikopesha serikali fedha, nayo ingewawekea rehani hisa za makampuni bora kuliko yote nchini. Serikali isipolipa, wenye mabenki wangeziuza hisa hizo. Rais Boris Yeltsin alitia saini amri ya mpango huo tarehe 31 Agosti 1995.

Tazameni ilivyotendeka kwa Norilsk Nickel, mojawapo ya makampuni makubwa kabisa ya nikeli duniani. Mnada wa asilimia 38 ya hisa zake ulisimamiwa na benki ya Onexim. Bei ya kuanzia ilikuwa dola milioni 170. Alijitokeza mshindani aliyetaja dola milioni 355, akaondolewa kwa kuambiwa kwamba dhamana yake haikutosha. Mshindi akawa Onexim yenyewe, kwa dola milioni 170.1. Vivyo hivyo asilimia 45 ya kampuni ya mafuta ya Yukos ilikwenda kwa watu wa benki ya Menatep kwa dola milioni 159, katika mnada ambao benki hiyo hiyo ndiyo iliyopokea maombi ya washindani. Mwamba ngoma, ndugu zetu, huvutia kwake. Mikopo ile haikulipwa, na hisa ziliuzwa baadaye kwa makampuni yenye uhusiano na wakopeshaji wale wale.

Yatupasa kukumbuka Norilsk ni mahali gani. Ni mji ulioko kaskazini kabisa, ndani ya eneo la baridi kali, na migodi yake ilianzishwa mwaka 1935 kwa kazi ya wafungwa wa Stalin. Maelfu walikufa huko. Ikiwa kuna mali duniani iliyolipiwa kwa mifupa ya watu, ndiyo hiyo. Nayo ilikabidhiwa kwa nyongeza ya dola laki moja juu ya bei ya kuanzia.

Wakati huo huo wafanyakazi wa kawaida walikaa miezi mingi bila mishahara. Mwezi Mei 1998 wachimba makaa waliziba njia za reli wakidai malimbikizo yao, na kiangazi kile wengine walikaa mbele ya jengo la serikali mjini Moscow wakigonga kofia zao za chuma juu ya mawe ya barabara. Umri ambao mwanamume wa Urusi aliweza kutarajia kuishi ulishuka kutoka karibu miaka 64 mwaka 1990 hadi chini ya miaka 58 mwaka 1994. Sababu za vifo vile zilikuwa nyingi, ulevi ukiwa mmojawapo. Lakini mtu hunywa hata kufa pale anapoona kwamba kazi yake, akiba yake na heshima yake vimekuwa si kitu.

4. Chekoslovakia: watu wote walishiriki, mlinzi hakuwepo

Huenda mtu akasema kwamba Urusi ni nchi ya pekee, kwa hiyo tusiihukumu njia ya vocha kwa mfano wake. Basi twende Chekoslovakia, nchi yenye mafundi hodari na shule nzuri. Mwaka 1992, chini ya uongozi wa Václav Klaus, wananchi walinunua vitabu vya vocha kwa takriban krona elfu moja, na kwa upande wa Wacheki peke yao karibu watu milioni 6 walishiriki. Mifuko ya uwekezaji ilichipuka. Mfuko mmoja uliojiita Harvard, wa Viktor Kožený, uliahidi kumrudishia kila mtu mara kumi ya fedha yake baada ya mwaka na siku moja. Watu waliamini.

Sheria ya kuwalinda wanahisa wadogo ilikuwa dhaifu, na tume ya kusimamia soko la mitaji ilianza kazi mwaka 1998, wakati sehemu kubwa ya mali ilikuwa imeshagawiwa. Katika nafasi hiyo lilizaliwa neno jipya katika lugha ya Kicheki, lenye maana ya kuchimba handaki. Waliokidhibiti kiwanda walichimba handaki chini yake: waliuza bidhaa zake kwa bei ya chini kwa kampuni yao wenyewe, walinunua malighafi kwa bei ya juu kutoka kampuni yao nyingine, na walikopa kwa jina la kiwanda. Ukitazama nje, kiwanda kimesimama. Ukiingia ndani, ni ganda tupu. Mwenye hisa mdogo alibaki na karatasi, na walipa kodi walibaki na madeni ya mabenki. Kožený alihamia Bahamas, na mwaka 2010 mahakama ya Prague ilimhukumu kifungo bila yeye kuwepo.

Serikali ya Klaus ilianguka Novemba 1997 kwa kashfa ya fedha zilizochangiwa chama chake, ambazo zilihusishwa na ubinafsishaji wa kiwanda kikubwa cha chuma. Mmojawapo wa wachangiaji waliotajwa katika hesabu za chama alionekana kuwa ni marehemu. Mahali ambapo wafu hutoa michango, walio hai na waulize maswali.

5. Ujerumani ya Mashariki: sheria ilikuwepo, wenyeji hawakuwepo

Kuna wanaodhani kwamba dawa ni wataalamu na fedha nyingi. Ujerumani ilikuwa na vyote viwili. Shirika la udhamini lililoitwa Treuhandanstalt lilianzishwa Machi 1990, likakabidhiwa takriban viwanda na makampuni 8,500 yenye wafanyakazi wapatao milioni 4. Tarehe 1 Julai 1990 mishahara ya Mashariki iligeuzwa kuwa mark ya Magharibi, moja kwa moja. Kuanzia siku hiyo gharama za viwanda zilipanda kupita uwezo wake, na wanunuzi wake wa zamani katika nchi za Mashariki wakashindwa kulipa.

Rais wa shirika hilo, Detlev Rohwedder, aliyeuawa kwa risasi nyumbani kwake tarehe 1 Aprili 1991, alikuwa amekisia kwamba mali yote ingefikia mark bilioni 600. Shirika lilipofungwa mwisho wa mwaka 1994 lilikuwa limeacha hasara ya zaidi ya mark bilioni 200, na zaidi ya nusu ya ajira zile zilikuwa zimepotea. Wengi mno wa wanunuzi walitoka Magharibi. Wenyeji wa Mashariki, waliovijenga viwanda hivyo, hawakupata hata sehemu ya kumi.

Tuseme pia yaliyo haki: shirika hilo liliwadai wanunuzi wengi ahadi za maandishi juu ya ajira na uwekezaji, na walioachishwa kazi walipata msaada ambao Mrusi hakuuota. Lakini msaada si sauti. Wachimba chumvi ya potashi wa Bischofferode, katika eneo la Eichsfeld ambalo wakazi wake ni Wakatoliki tangu zamani, waliambiwa kwamba mgodi wao ungefungwa ili kampuni za Magharibi na Mashariki ziunganishwe. Waliamini kwamba chumvi yao ilikuwa nzuri na ilikuwa na wanunuzi. Waliomba kuonyeshwa mkataba, wakanyimwa. Mwezi Julai 1993 baadhi yao walianza mgomo wa kutokula. Mgodi ulifungwa mwisho wa mwaka huo huo, na mkataba ule ulibaki siri kwa miaka mingi.

Hapa twajifunza kwamba daftari peke yake halitoshi. Daftari lililofungiwa kabatini ni sawa na giza. Huenda mgodi ule ungefungwa hata kama wachimbaji wangeuona mkataba. Lakini mtu aliyeonyeshwa hesabu akashindwa hubaki na utu wake, na mtu anayefukuzwa bila kuonyeshwa huondoka na uchungu anaourithisha watoto wake.

6. Poland: njia ndefu iliyofika mbali

Poland nayo ilianza kwa ukali. Mpango wa Waziri Leszek Balcerowicz wa tarehe 1 Januari 1990 uliachia bei na kukata ruzuku. Lakini katika kuuza viwanda, Poland haikukimbia. Haikupenda iwe hivyo. Ililazimishwa na wafanyakazi wake. Tangu mwaka 1981 kulikuwa na sheria iliyoyapa mabaraza ya wafanyakazi nguvu ndani ya viwanda, na baada ya Solidarność hakuna serikali iliyoweza kuwapita bila kuwauliza.

Matokeo yakawa haya. Viwanda vingi vilibaki mikononi mwa dola kwa miaka kadhaa, lakini bila ruzuku, vikalazimika kujifunza kuuza, kubana matumizi na kulipa madeni. Sheria ya Februari 1993 iliyataka mabenki yakae na viwanda vyenye madeni na kuamua wazi: kipi chaweza kuponywa na kipi kifilisiwe. Mwezi huo huo serikali, vyama vya wafanyakazi na waajiri walitia saini mapatano juu ya viwanda vya dola. Makampuni makubwa yaliuzwa moja moja, na wafanyakazi wakatengewa sehemu ya hisa. Zaidi ya makampuni 1,000, mengi yakiwa ya kati na madogo, yalikodishwa kwa makampuni yaliyoundwa na wafanyakazi na mameneja wao, wakiyalipia kidogo kidogo. Tume ya kusimamia soko la hisa ilianza mwaka 1991, soko lenyewe likiwa bado changa. Yaani mlinzi aliwekwa mlangoni kabla ya bidhaa kuletwa.

Hatusemi kwamba Poland ilikuwa paradiso. Ukosefu wa ajira ulifikia zaidi ya asilimia 16 katika miaka ya 1993 na 1994. Vijiji vya mashamba ya dola vilivunjwa na watu wake wakaachwa. Kiwanda cha meli cha Gdańsk, mahali ilipozaliwa Solidarność, kilitangazwa kufilisika mwaka 1996. Poland ilipojaribu nayo kugawa vyeti kwa wananchi, kuanzia Novemba 1995, mifuko 15 iliyosimamia makampuni 512 iliwanufaisha zaidi waliolipwa kuisimamia. Hata hivyo, kufikia mwaka 1996 uzalishaji wa Poland ulikuwa umerudi katika kiwango cha mwaka 1989, kabla ya nchi nyingine yoyote katika kundi lile. Urusi ilihitaji zaidi ya miaka kumi mingine.

Wala hatusemi kwamba tofauti yote ilitokana na namna ya kuuza. Poland ilisamehewa nusu ya deni lake kwa serikali za nje kuanzia mwaka 1991, ina majirani matajiri, na haina miji mingi inayotegemea kiwanda kimoja nyikani. Twasema tu kwamba wale waliodai kuwa nchi isiyouza upesi itaangamia walitabiri uongo.

7. Kuijibu hoja ya haraka

Waliouza kwa pupa walikuwa na hoja tatu, nasi twazijibu moja moja.

Kwanza walisema: tukichelewa, wakomunisti watarudi. Huko Poland vyama vilivyotokana na wakomunisti vilirudi madarakani kwa kura mwaka 1993, lakini havikuyafuta mabadiliko. Huko Urusi, hofu hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kuwapa wenye mabenki nikeli na mafuta. Hofu ilikuwa ya wananchi. Faida ilikuwa ya wengine.

Pili walisema: wakurugenzi walikuwa wameshaanza kuiba, afadhali tugawe kabla hakijabaki kitu. Ni kweli wizi ulikuwepo. Lakini mtu akiona mwizi dirishani hufunga dirisha na kuita majirani. Hamkabidhi mwizi ufunguo wa mlango ili aingie kwa heshima.

Tatu walisema: tuwapate wenye mali kwanza, nao watadai sheria baadaye. Hii ndiyo hoja iliyodanganya wasomi wengi, wakiwemo washauri waliotoka nchi tajiri na mashirika ya fedha ya kimataifa. Aliyeipata mali bila sheria huiogopa sheria kama mchawi aogopavyo mchana. Hakudai mahakama huru, aliinunua iliyopo. Hakujenga kiwanda, alipeleka fedha nje. Joseph Stiglitz, aliyekuwa mchumi mkuu wa Benki ya Dunia tangu mwaka 1997 hadi 2000, alikuja kulisema jambo hilo hadharani. Lakini wakati huo fedha zilikuwa zimeshavuka mipaka.

Na tutazame pia nini kilifuata. Wananchi wa Urusi walifundishwa kwamba demokrasia na wizi ni mapacha. Alipokuja mtawala mwenye mkono wa chuma kuwatisha matajiri, wengi walishangilia, wala hawakuuliza mali ile imerudi kwa nani. Haki ikiuzwa kwa haraka, uhuru nao huuzwa baadaye.

8. Yanayotuhusu sisi

Msomaji wa Tanzania ataona kwamba tarehe zinafanana. Mwaka 1992, mwaka wa vocha za Urusi, ndipo na sisi tulipoanza kwa nguvu kazi ya kurekebisha mashirika ya umma yapatayo 400, mengi yakiwa yamezaliwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Nayo mashirika yetu yalikuwa na magonjwa yake: ruzuku zisizoisha, mameneja wasioulizwa, bidhaa adimu. Nasi tuliambiwa kwamba tumechelewa.

Wasomaji wetu wa Lindi na Mtwara wanavifahamu viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa kwa mikopo ya umma, vikauzwa, na baadhi yake vikageuzwa maghala, huku korosho ghafi zikisafirishwa nje. Mwishoni mwa miaka ya 2010 serikali ilianza kuvirudisha mikononi mwake baadhi ya viwanda vilivyobinafsishwa bila kuendelezwa. Ni vema ahadi zikidaiwa. Lakini kuchukua kwa amri mali iliyouzwa kwa siri hakuponyi ugonjwa, ikiwa nako kunafanyika kwa siri. Jambo la kuuliza kwanza ni hili: mkataba ulisema nini, na nani kati yetu aliwahi kuusoma?

9. Yatupasa kudai

Kwa hiyo, kila mara mali ya umma inapotaka kuuzwa, kukodishwa au kuingizwa katika ubia, twawahimiza waamini na viongozi wa walei kudai mambo matano, bila matusi na bila woga.

(a) Orodha ya mali na madeni itangazwe kabla ya mnada, kwa lugha ambayo wananchi wanaifahamu.

(b) Anayesimamia mnada asiwe mnunuzi, wala ndugu wa mnunuzi, wala mkopeshaji wake.

(c) Mkataba uwe wazi, na ahadi za ajira na uwekezaji ziwe na tarehe na adhabu.

(d) Wafanyakazi wakae mezani tangu mwanzo, na malimbikizo na mafao yao yalipwe kabla ya mtu yeyote kugawana chochote.

(e) Mahakama na msimamizi wa soko wawepo kabla ya kuuza, wasiitwe baada ya msiba.

Tutaambiwa kwamba masharti hayo yatawafukuza wawekezaji. Twajibu: yatawafukuza wale wanaopenda giza. Mnunuzi mwaminifu hapungukiwi kitu kwa kusomewa hesabu mbele ya mashahidi. Mfalme Ahabu naye alikuwa na mihuri, barua na baraza la wazee alipolitaka shamba la Nabothi; hakukosa taratibu. Alichokosa ni mtu mmoja katika baraza lile wa kusimama na kusema hapana. Tusikubali kuwa wazee wa baraza lile.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika eneo letu, ni mali gani ya umma imeuzwa au kukodishwa? Nani aliuona mkataba?

2. Wafanyakazi walioachishwa walilipwa nini, na leo wanaishi vipi? Jumuiya yetu imewatembelea?

3. Kwa nini vocha za Urusi, zilizogawiwa sawa kwa wote, zilizaa matajiri wachache? Je, kugawa sawa kunatosha ili haki itendeke?

4. Kati ya madai matano tuliyoyataja, ni lipi tunaloweza kuliwasilisha kwa diwani na mbunge wetu kabla ya mwaka huu kwisha? Nani kati yetu atakwenda?